Nilimwambia Aline Sina Kitu Chake

Nimemdanganya marehemu uso kwa uso. Alikuwa amekaa juu ya ndoo yangu ya ndagala, kalamu mkononi, akaniuliza maswali, nami la mwisho nikalijibu uongo. Usiseme niliota. Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana, jua la Yeoville linachoma mabati, na jirani yangu Mkongomani alikuwa amefungulia redio ya mahubiri mpaka ukuta unatetemeka. Pombe sinywi. Dawa za maumivu nilikuwa nimeshaziacha. Kuna mmoja aliniambia eti ilikuwa homa ya malaria. Nikamuuliza, malaria ya Johannesburg umeiona wapi?

Mimi shule niliishia darasa la pili, kwetu Buyenzi, Bujumbura, kwa hiyo usitafute hapa maneno ya kupambwa. Nitasema yaliyotokea na majina nitayataja. Watakaokasirika, wakasirike.

Aline alikuwa binti wa Mrundi mwenzetu wa Gitega ambaye sisi sote tunamwita Mama Aline. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kusuka nywele katika saluni ya Rockey Street, lakini sisi hatukumjua kwa kusuka, tulimjua kwa fomu. Unazijua zile foleni za ofisi ya wakimbizi? Unafika giza bado, unasimama mpaka miguu inavimba, halafu unapewa karatasi ya Kiingereza na mtu wa dirishani hataki maswali. Basi siku yake ya mapumziko, badala ya kulala kama vijana wenzake, Aline alikuwa anakuja pale na kalamu tatu, anageuza ndoo, anakaa, anatuandikia. Mrundi, Mkongomani, Msomali, yeyote. Hakumtoza mtu. Mimi nauza ndagala, ndio dagaa wetu wa Tanganyika, pamoja na sombe, majani ya muhogo, pale soko la Yeoville. Nikimfungia kidogo kama asante anacheka: "Tantine, nikinuka samaki nani atanipa kichwa chake nisuke?" Kisha anampa bibi wa nyuma yangu.

Tantine ndivyo watoto wa kwetu wanavyowaita mashangazi. Alikuwa ananiita hivyo na mimi si ndugu yake hata kidogo.

Na alikuwa na onyo lake, kila fomu lazima alitoe. "Fikiri kwanza ndipo ujibu, tantine. Fomu ikifutwafutwa wanaikataa, unarudi nyuma ya mstari." Kwa hiyo alikuwa anauliza, anangoja, anakutazama machoni, halafu ndipo wino unagusa karatasi.

Niseme ukweli, maana nimechoka na uongo: mama yake nilimwonea wivu. Mimi Mungu hakunipa mtoto. Mume alikwenda Durban kutafuta maisha, nafikiri aliyapata, maana hakurudi. Halafu mwanamke wa Gitega asiyejua hata kupika wali vizuri anapewa mtoto kama yule! Nilikuwa nawatazama wanavyotoka kanisani wameshikana vidole.

Sasa ajali. Ilikuwa mwaka uliofuata baada ya Kombe la Dunia. Tulikwenda harusi Pretoria na kombi ya Bosco. Huyo Bosco ni Mrundi, ana kombi ya kubeba watu wa kanisa, mtu wa kucheka sana na kuvaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Nitamrudia. Wakati wa kurudi Aline alikuwa amekaa nyuma ya kiti chake, mimi ubavuni mwa Aline. Tairi lilipasuka kwenye barabara kuu. Gari lilipinduka, sijui mara ngapi, mimi nilihesabu mbili halafu nikaacha kuhesabu. Mguu wangu wa kushoto ulivunjika chini ya goti vipande vipande. Aline alifika hospitali anapumua, lakini hakuamka tena.

Hospitali wakamwita mama yake kando. Wakamuuliza, kwa adabu, kama atakubali viungo vya mtoto visaidie wagonjwa wengine: macho, mifupa, vile vinavyofaa. Wazee wa kanisa waliruka juu. "Mtoto atafufuka na nini siku ya mwisho?" Mama Aline alikuwa amekaa sakafuni, kitambaa kimemtoka kichwani. Akawajibu, "Aliyemuumba kutoka pasipo kitu, atashindwa na macho mawili? Mwanangu alikuwa hamkatalii mtu. Leo mimi nikatae kwa niaba yake?" Akaweka sahihi yake. Hilo nilisimuliwa nikiwa kitandani, na hata pale, nimefungwa vyuma mguuni, nilimwonea wivu kwa jibu lile.

Wiki ileile, Goreti akapigiwa simu. Goreti anauza vitenge pale sokoni, meza ya pili kutoka kwangu. Jicho lake la kulia lilikuwa na ukungu mweupe kama tui tangu utotoni, na alikuwa kwenye orodha ya kungoja muda mrefu. Wakampasua, wakamwekea kioo cha jicho cha marehemu. Hospitali hawasemi ni cha nani, hiyo ni sheria yao. Lakini sisi tuna vidole vya kuhesabia siku. Wiki ile, jicho la kijana, jiji lilelile. Soko zima likasema: ni Aline.

Tangu hapo ungeona maajabu. Kila Jumapili baada ya ibada Mama Aline anamshika Goreti mashavu kwa mikono miwili, anamtazama ndani ya jicho, muda mrefu. Halafu anambusu juu ya kope. Goreti! Ambaye Aline alipokuwa hai alikuwa anamwita kitoto cha saluni! Goreti ambaye hata kwenye kombi hakuwemo! Mimi niliyesikia pumzi za yule mtoto gari linapinduka nilikuwa nimesimama na magongo mlangoni, na Mama Aline ananipita: "Pole, Mama Ndagala, mguu unaendeleaje?" Basi. Hakuna mkono wala nini. Usinicheke. Nilichokitaka duniani wakati ule kilikuwa kimoja tu, mama yule aniguse mimi kama anavyomgusa Goreti.

Na Mungu akanisikia, au nani sijui. Mguu ulikataa kuunga. Baada ya miezi minane wakanipasua tena, wakajaza pengo lililobaki kwa mfupa wa benki yao, maana kumbe wanayo benki ya mifupa, inasafishwa, inawekwa kwenye baridi. Daktari mmoja kijana, mdomo wake mwepesi, akaniambia huku anapiga gongo langu teke kwa mchezo, "Mama, sasa utacheza ngoma. Umepewa mfupa wa msichana wa miaka kumi na tisa. Ajali ya barabarani, masikini." Muuguzi akamkata yule daktari jicho. Lakini alikwisha sema.

Miaka kumi na tisa, msichana, ajali. Unataka nini tena? Nilifunika uso kwa shuka nikacheka peke yangu kama mwizi. Nilisema, Goreti, wewe umepewa ngozi nyembamba ya jicho, mimi nimepewa mfupa. Nani sasa yuko karibu naye zaidi? Sikumwambia mtu. Niliutunza kwa ajili ya siku ya kuganduka, ndiyo siku yetu Warundi ya kumaliza msiba, mwaka unapotimia.

Siku hiyo ina desturi yake. Watu wakishakula na kunywa, msemaji wa familia anasimama na kuuliza: aliye na kitu cha marehemu mikononi mwake, aseme mbele ya watu, ili marehemu apumzike. Kwetu hicho kitu si mchezo. Ukificha hata sufuria, umemzuia mtu njiani.

Tulikutana katika ukumbi wa kukodi hapahapa Yeoville. Mzee Renovati ndiye aliyekuwa msemaji. Akauliza. Msichana wa saluni akarudisha vitana vya Aline. Mwingine mwavuli. Bibi mmoja wa Kikongomani, ambaye desturi hii hata haijui, akasimama akilia, akasema yeye ana karatasi ya ukimbizi aliyoandikiwa na Aline, je, airudishe? Watu wakacheka na kulia pamoja. Ikasomwa barua kutoka kwa wale wa benki ya viungo, haina majina: kuna mtu anasoma tena magazeti, kuna mtoto moyo wake umewekewa kilango kipya na anakimbia na wenzake. Mama Aline alikuwa anaitikia kila mstari kama anaitikia sala.

Nami nilikuwa nimejiandaa, nimevaa sketi fupi kidogo ili kovu lionekane. Nikashika gongo nisimame. Lo! Goreti alikwisha simama. Akavua miwani polepole, akaiweka mezani. "Mimi nina jicho lake," akasema. "Nalitunza. Sililalii upande." Ukumbi ulilipuka vigelegele. Mama Aline alivuka watu, akamkumbatia, wakayumba pamoja kama walevi.

Vigelegele vilipotulia, Mzee Renovati akatazama huku na huku. "Mwingine?" Akaniona mkono uko kwenye gongo. "Mama Ndagala, je? Una kitu?"

Niambie, wewe ungefanya nini? Nisimame sasa, wa pili, nyuma ya Goreti? Waseme namwiga? Mama yule aje kwangu na machozi yaliyobaki, mabega yameshachoka?  Nikasema, "Mimi sina."

Bosco alikuwa kiti cha tatu kutoka kwangu, anakula mishikaki.

Wiki ya pili baada ya pale, ile Jumapili ya saa nane, kanisani sikwenda. Nilikuwa kitandani, mguu nimeuweka juu ya mto. Mlango wangu ni wa pazia mchana. Pazia likasogezwa, akaingia Aline.

Sikupiga kelele, na hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Alikuwa na aproni yake nyeusi ya saluni, vitana mfukoni, vilevile ambavyo vilikwisha rudishwa. Uso wake wa siku zote. Tofauti ilikuwa mguu wa kushoto. Aliuburuta kama nguo iliyoloa. Akageuza ndoo, akakaa, akaunyanyua ule mguu kwa mikono miwili, kama unavyonyanyua mfuko wa viazi, akauweka juu ya mwenzake. Akatoa karatasi.

"Tantine, shikamoo. Tufanye haraka, mstari ni mrefu."

Wallahi ndivyo alivyosema. Mstari gani? Sikumuuliza. Nilijibu "marahaba" kwa mazoea tu.

"Jina?" Anajua jina langu, lakini nikalitaja. "Kuzaliwa?" Sijui tarehe, akaandika tarehe moja Januari kama alivyokuwa anatuandikia sote tusiojua. "Mume?" Durban. "Watoto?" Hakuna. Hapo alinitazama kwa huruma, na mimi huruma yake ikanichoma. Redio ya jirani ilikuwa imenyamaza, sijui tangu saa ngapi.

"Kitu cha mtu mwingine ulicho nacho?"

Sasa mtu mwenye akili angesema. Alikuwa mbele yangu, mwenyewe, na ule mguu wake mtupu umelala juu ya goti! Unajua nilichosema? Nilisema, "Kwanza, Goreti amejibu nini?"

Akatabasamu. "Tantine, fomu ya mtu haisomewi mwingine."

"Ulianzia kwake au kwangu?"

"Tantine."

"Nauliza tu. Ulianzia kwake?"

Akainamia fomu yake, nikajua ameanzia kwa Goreti. Hata mzimu! Hata mzimu ananiweka wa pili! Nikageuza uso ukutani. "Andika hakuna."

"Fikiri kwanza. Unajua kufuta hakuna."

"Andika."

Nikasikia kalamu ikikwaruza. Akanipa karatasi nibonyeze dole gumba, nikabonyeza, ilikuwa baridi kama sahani ya bati asubuhi ya Julai. Akaikunja. Kisha akasimama, na hapo ndipo nywele ziliponisimama: alisimama kwa miguu yote miwili, imara. Akatembea mpaka mlangoni sawasawa kabisa, kama siku alizokuwa anakimbilia taxi. "Haya, tantine, baki salama," akasema, akaliacha pazia likijirudia mahali pake.

Redio ikaendelea katikati ya neno.

Nilitaka kumkimbilia. Nikashusha miguu chini, nikaukanyaga mmoja. Wa pili sikuukuta. Ulikuwepo, nauona, lakini hausikii kitu. Nilianguka juu ya ndoo.

Tangu siku ile, chini ya goti la kushoto sisikii. Daktari amenichoma sindano, namtazama tu. Wamepiga picha, wanasema mfupa upo, umeshika vizuri, mishipa mizima, mama usijali. Majira ya baridi niliuweka karibu na hita bila kujua, nikanusa kwanza nyama inaungua ndipo nikaangalia. Natembea nao, ndiyo, lakini lazima niuone. Gizani naanguka. Kama mguu wa meza ya watu.

Nikamfuata Goreti sokoni. Nilimwuliza kwa kuzunguka kama amewahi kuota ndoto yoyote.

"Unamsema Aline?" akasema, anakunja kitenge. "Huja. Anakaa, ananitazama kwenye jicho lake, tunacheka cheka, anaondoka. Kwani kwako haji?"

"Aje kwangu kwa lipi?"

"Ndiyo hapo. Aje kwako kwa lipi, dada?"

Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia habari ya mfupa. Goreti aliniangalia, halafu akacheka mpaka akashika meza. "Eish, Mama Ndagala! Wasichana wa miaka kumi na tisa wanaokufa barabarani nchi hii ni Aline peke yake? Wewe mwaka mzima umekaa kimya, leo ndiyo umepata mfupa?" Wauza mchicha nao wakacheka.  Kwangu alikuja mara moja na fomu. Kwa Goreti anakuja kupiga soga.

Nikaenda Kensington, anakofanya kazi za ndani Mama Aline. Siku yake ya mapumziko ni Alhamisi. Anaishi chumba cha uani, kitanda kimoja, picha ya Aline ukutani. Nilimweleza yote: daktari, ukumbi, ndoo, nilivyojibu. Nilimwambia hata wivu wangu. Nilingoja anifukuze.

Hakunifukuza. Alishuka kitandani, akapiga magoti sakafuni mbele yangu, akapandisha sketi yangu mpaka gotini, akaushika mguu kwa mikono miwili pale kwenye kovu. Akaweka shavu lake. Akaanza kuongea nao Kirundi, polepole, maneno ya kumbembeleza mtoto mchanga.

Ndicho kile nilichokililia. Ndicho. Na mimi nilikuwa nimekaa pale juu natazama mikono yake, natazama machozi yake yanateremka kwenye ngozi yangu, wala sisikii joto, wala maji, wala uzito wa kichwa chake. Nilimwangalia mwanamke anambembeleza mtu mwingine.

Aliponyanyuka aliniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, si polisi, si Mzee Renovati: "Wewe ulikuwa ubavuni kwake. Mwanangu alisema nini mwisho?"

Nikamwambia. Sasa nakwambia na wewe.

Asubuhi ile kabla ya kuondoka, tairi la nyuma lilikuwa limevimba ubavuni kama jipu. Sote tuliliona. Bosco alilipiga teke akasema, "Linatufikisha, ninyi ingieni." Wakati wa kurudi gari lilianza kutikisika. Aline aliinama mbele, akamgusa bega: "Kaka Bosco, punguza, tafadhali, kuna kitu kinagonga." Bosco akajibu, "Wewe mtoto, nani anaendesha hapa?" Na mimi niliona kwa macho yangu ule mshale kwenye saa ya mwendo ukipanda.

Wewe unayesoma, kama una kitu cha marehemu mwilini mwako, jicho, mfupa, hata uzi, kiseme. Kiseme hata kama utakuwa wa kumi kwenye mstari, hata kama watakucheka. Mimi nilikuwa na zawadi ya mtoto asiyekatalia watu nikaikana kwa sababu ya Goreti, na adhabu yangu naijua, naiburuta kila siku.

Lakini adhabu yangu ni ya kipande cha mfupa kisichozidi kidole. Polisi waliandika tairi lilipasuka, wakafunga faili. Bosco ana kombi mpya, anapakia watu Newtown kila siku, anacheka vilevile. Bosco, hilo jina nimelitaja mara nyingi hapa ili usijifanye hukuliona. Mama Aline yupo Kensington kila Alhamisi na mlango hafungi. Nenda ukakae mbele yake umjibu, na usimwambie habari ya tairi: mwanawe alipokuomba upunguze, kwa nini uliongeza?